Waliojilimia Uwanja wa Ndege

Ardhi waliyoipata ilikuwa na visiki, mawe na mashimo. Hapakuwa na mkandarasi, wala fungu la serikali, wala mkopo wa benki. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, Marekani imezama katika mdororo mkubwa wa uchumi, na benki zenyewe zilikuwa zinafunga milango. Waliokuja kuisafisha ardhi hiyo walikuwa makanika wa magari na watu wa vibarua na mishahara midogo kutoka Chicago. Siku za juma walikuwa kwenye ajira zao, siku za mapumziko wakavaa nguo za shamba. Waling'oa visiki, wakaviringisha mawe, wakafukia mashimo, wakasawazisha udongo mpaka ukapatikana ukanda ulionyooka ambao ndege ndogo ingeweza kukimbia na kuinuka. Kando yake wakasimamisha banda la mbao zilizokwisha kutumika kwingine, la kulazia ndege.

Kwetu kazi ya namna hii tunaijua vizuri na tuna majina yake: msaragambo, harambee. Kijiji hujenga zahanati hivyo, wazazi huongeza darasa hivyo. Lakini uwanja wa ndege?

Mahali penyewe ni Robbins, mji mdogo wa kusini mwa Chicago uliosajiliwa mwaka 1917, ambao wakazi wake na viongozi wake walikuwa weusi. Ndiyo maana walikwenda huko. Viwanja vingi vya ndege vya eneo lile havikutaka kumwona mtu mweusi akishika usukani, na kwa meya wa Robbins tu ndipo walipoweza kubisha hodi bila kuulizwa rangi. Klabu yao iliitwa Challenger Air Pilots Association. Neno la kwanza la jina hilo maana yake ni mwenye kuthubutu, anayesimama mbele ya mkubwa na kumwambia, tupimane. Kiwanja cha Robbins hutajwa kuwa uwanja wa kwanza wa ndege katika Marekani kumilikiwa na kuendeshwa na watu weusi.

Ili kuelewa kwa nini watu wa kipato kidogo walijitesa hivyo kwa ajili ya chombo cha matajiri, inabidi turudi nyuma miaka michache, hadi kwenye makaburi ya Lincoln, nje kidogo ya Chicago, alikolazwa Bessie Coleman.

Bessie alizaliwa Texas mwaka 1892 katika familia ya wachuma pamba. Kama maelfu wengine alikimbilia kaskazini kutafuta maisha, akapata kazi kwa kinyozi mjini Chicago, ya kusafisha na kupaka kucha za wateja wanaume. Kaka yake aliyerudi kutoka vitani Ufaransa alikuwa akimtania kwamba wanawake wa kule wanarusha ndege, jambo ambalo yeye hataliweza. Utani ule ukamchoma. Alipotafuta shule ya urubani nchini mwake, hakuna iliyomkubali. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamshauri aende huko huko Ufaransa. Bessie akajifunza Kifaransa, akaweka akiba, akavuka bahari mwaka 1920. Tarehe 15 Juni 1921 akapewa leseni ya kimataifa ya urubani, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kuipata.

Aliporudi alikuwa na nia moja kubwa kuliko maonyesho ya angani yaliyomlisha: kufungua shule ambayo kijana mweusi angejifunza kuruka bila kuvuka bahari. Hakujaliwa. Tarehe 30 Aprili 1926, mjini Jacksonville, Florida, alipanda ndege kuukuu pamoja na makanika wake, William Wills, ili kuangalia kutoka juu mahali ambapo kesho yake angeruka kwa mwavuli. Hakuwa amefunga mkanda, kwa sababu alitaka kuinama nje aone ardhi. Ghafla ndege ikapiga mbizi na kupinduka. Bessie akatupwa nje, akafa. Wills akaanguka na ndege, naye akafa. Katika mabaki ilikutwa spana iliyokuwa imeteleza na kukwama kwenye mitambo ya kuongozea.

Spana moja iliyosahaulika. Kila ninapofikia hapa katika habari hii hukumbuka kwamba waliochukua ndoto yake walikuwa mafundi, watu wa spana.

Wa kwanza wao ni Cornelius Coffey na John Robinson. Coffey alizaliwa Arkansas. Robinson alilelewa Gulfport, Mississippi, kisha akasomea ufundi wa magari katika chuo cha Tuskegee, Alabama. Walipokuja kufahamiana, wote wawili walikuwa wakitengeneza magari na wote wawili walikuwa na ugonjwa mmoja, wa kupenda kuruka. Walijiundia kindege cha kununua vipande vipande, wakakifungia injini ya pikipiki. Kwa makanika hilo si la ajabu, maana mtu aliyekwisha kufungua injini mia moja haoni kwa nini ya mia na moja imshinde kwa sababu tu inakwenda angani.

Kilichowashinda ni mlango wa shule. Waliomba nafasi kwa barua katika shule ya ufundi wa ndege ya Curtiss-Wright pale pale Chicago, nayo ikawakubali kwa barua. Walipofika wenyewe na sura zao zikaonekana, wakaambiwa haiwezekani. Inasimuliwa kwamba Robinson alirudi shuleni pale kwa mlango wa nyuma, akaomba kazi ya ufagizi, akawa anafagia polepole sana karibu na mlango wa darasa huku masikio yakiwa kwa mwalimu. Wakati huo huo mwajiri wao, Mzungu mwenye duka la magari aitwaye Emil Mack, alisimama upande wao, na tishio la kesi likaifanya shule itafakari upya. Waliingia darasani. Mwaka 1931 walihitimu ufundi wa ndege, na Coffey akawa wa kwanza katika darasa lake.

Hapo likatokea jambo ambalo hata wao hawakulitarajia. Shule ile ile iliwaita warudi, safari hii wakiwa walimu, wafundishe darasa la wanafunzi weusi. Ubaguzi ulibaki, maana darasa lilikuwa la kwao peke yao, lakini sasa kulikuwa na darasa. Kutoka humo wakatoka wanachama wapya wa klabu.

Mmoja wao alikuwa muuguzi, Janet Harmon, aliyekuja kujulikana kwa majina ya ndoa zake, Waterford na baadaye Bragg. Alizaliwa Georgia mwaka 1907, akasomea uuguzi katika chuo cha Spelman, Atlanta, akahamia Chicago. Darasani alikuwa mwanamke peke yake kati ya wanaume. Wanaume wale wengi wao walikuwa wameshika spana tangu utotoni. Yeye alijifunza majina ya vifaa papo hapo. Lakini aliona upungufu ambao mafundi wale hawakuwa na uwezo wa kuuziba. Walikuwa wanajifunza nadharia, wanafungua na kufunga injini, wanachora mabawa ubaoni, na klabu haina ndege ya kurukia. Alikuwa na mshahara wa uuguzi, akaweka akiba, akanunua ndege. Ndiyo iliyokuwa ndege ya kwanza ya klabu, ikawa ya wote.

Nadhani historia za urubani zinakosea zinapoanza na marubani. Zingeanza na mtu kama huyu, anayepanga senti zake mwezi hadi mwezi na kununua kitu ambacho kwa siku nyingi za juma wengine ndio watakaokitumia.

Uwanja wa Robbins haukudumu. Dhoruba ya upepo ilipiga, ikalivunja banda na kuziharibu ndege zilizokuwa ndani. Wasingeweza kuanza tena pale. Coffey na wenzake wakazunguka kutafuta pa kutua, wakapata kwa ndugu wawili Wazungu wa ukoo wa Schumacher, waliokuwa na kiwanja kusini magharibi mwa jiji, kwenye makutano ya Mtaa wa 87 na Barabara ya Harlem. Kiliitwa Uwanja wa Harlem kwa sababu ya barabara hiyo, wala hakikuhusiana na mtaa maarufu wa watu weusi wa New York. Klabu ilipewa upande wa kusini wa kiwanja, ikawa na banda lake huko. Hapo ndipo ilipokomaa.

Ukitaka kujua siku ya kawaida ya klabu ilikuwaje, usifikirie miwani ya marubani na skafu zinazopepea. Fikiria grisi. Leseni ya urubani ilidai saa za angani, na kila saa ilidai petroli, na petroli ilidai pesa. Kwa hiyo wengi walilipia masomo kwa kufanya kazi: kuosha ndege, kushona na kupaka dawa kitambaa cha mabawa, kusukuma ndege kuingia na kutoka bandani, kuzungusha rafadha kwa mkono ili injini iwake. Kazi hii ya mwisho ina hatari yake, maana injini ikiwaka wakati mkono bado upo kwenye rafadha, mkono hauna pa kwenda. Coffey alikuwa mwalimu mkali katika mambo hayo. Alishikilia kwamba rubani ajue injini kama fundi, na fundi ajue hewa kama rubani.

Majira ya baridi ya Chicago yalimpa somo jingine. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta huchukua joto la hewa inayoizunguka. Hewa ikiwa na unyevu, barafu huota kwenye koo la kabureta, injini ikakosa pumzi na kuzimika angani. Coffey alibuni kifaa cha kuipasha joto hewa kabla haijaingia, ili barafu isipate pa kushika. Kanuni hiyo ya kupasha joto hewa ya kabureta inatumika hadi leo katika ndege ndogo nyingi za injini za pistoni. Ndizo aina za ndege ambazo mtu anaziona zikitua kwenye viwanja vya nyasi vya mbuga zetu.

Na kila mwaka, kuanzia 1931, marubani wa klabu waliruka juu ya makaburi ya Lincoln na kudondosha maua kwenye kaburi la Bessie Coleman. Hawakuwahi kusoma katika shule aliyoitamani, maana haikujengwa. Walimtembelea kama watoto wanavyomzuru mzazi.

Mwezi Mei 1934 Robinson aliamua kurudi kwa waliomlea. Alikuwa anatimiza miaka kumi tangu alipohitimu Tuskegee, na alitaka kuufikia mkutano wa wahitimu kwa ndege, atue mbele ya wakuu wa chuo na kuwaonyesha kwamba chuo cha watu weusi kinapaswa kufundisha urubani. Waliondoka kwa ndege mbili: Robinson na Coffey katika moja, Grover Nash, mwanachama mwenzao, katika ndege yake ndogo. Huko Decatur, Alabama, ndege ya wawili iliharibika ilipokuwa inajaribu kuruka. Robinson akachukua ndege ya Nash, akaendelea peke yake, akafika. Wakuu walimsikiliza na kumpongeza. Shule haikufunguliwa mwaka huo, kwa kuwa chuo hakikuwa na fedha, lakini wazo lilibaki pale likisubiri.

Robinson mwenyewe hakusubiri. Vita vilikuwa vinanukia katika nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Italia ya Mussolini ilikuwa inatafuta sababu ya kuivamia, na watu weusi popote walipokuwa waliichukulia nchi ile huru kama heshima yao wenyewe. Jijini London, Jomo Kenyatta alikuwa katibu wa jumuiya iliyoundwa mwaka 1935 kuitetea. Jijini Chicago, fundi wa Gulfport alikubali mwaliko wa kwenda kumtumikia Mfalme Haile Selassie, akaondoka Mei 1935.

Alichokikuta Addis Ababa kilikuwa jeshi la anga kwa jina. Ndege zilikuwa kama dazani mbili, nyingine hazikuweza kuruka, na hazikuwa na silaha za kukabili zile za Italia. Hata hivyo Robinson alipewa uongozi wake. Akawa anapeleka barua na dawa kwenye uwanja wa vita, anambeba mfalme, anakimbia mawinguni anapoona ndege za adui. Tarehe 3 Oktoba 1935 alikuwa Adwa, mji ule ule ambapo Waitalia walishindwa vibaya mwaka 1896, mabomu yalipoanza kuanguka juu ya raia. Alijeruhiwa, akavuta gesi ya sumu, akaendelea kuruka karibu hadi siku ambazo Addis Ababa ilianguka, Mei 1936.

Aliporudi Chicago, maelfu walimpokea, na magazeti ya watu weusi yalikuwa yamekwisha kumpa jina la kishujaa, Kondori wa Kahawia. Mwaka 1944, Uhabeshi ukiwa huru tena, alirejea huko pamoja na mafundi wenzake kufundisha vijana. Hakuondoka tena. Ndege aliyokuwa akiiendesha ilianguka Machi 1954, na majeraha yakamuua mwezi huo huo. Alizikwa Addis Ababa. Msafiri wa Dar es Salaam au Nairobi anayebadilisha ndege katika jiji hilo anapita karibu na kaburi la makanika wa Mississippi.

Tumrudie aliyebaki bandani. Kuondoka kwa Robinson kulimwachia Coffey klabu, na kando yake akasimama mtu ambaye, kwa maoni yangu, ndiye aliyeigeuza kutoka kikundi cha wapenzi wa ndege na kuwa chombo cha kudai haki. Huyo ni Willa Brown.

Alizaliwa Kentucky mwaka 1906, akasomea ualimu Indiana, akafundisha shule ya sekondari mjini Gary, kisha akaja Chicago na kufanya kazi mbalimbali. Alipokutana na watu wa klabu akavutwa. Alianza chini, kwenye injini. Mwaka 1935 akapata cheti cha ufundi wa ndege, na mwaka 1938 akapata leseni ya urubani kwa alama 96 katika mia. Lakini kipaji chake kikubwa zaidi ni kwamba alijua jambo zuri lisilojulikana hufa kimyakimya.

Siku moja ya mwaka 1936 aliingia katika ofisi za Chicago Defender akiwa amevaa suruali nyeupe ya urubani, koti jeupe na buti. Mhariri Enoch Waters alisimulia baadaye jinsi mashine za chapa zilivyonyamaza na vichwa vyote vikageuka. Willa hakuwa amekuja kujionyesha. Alikuja kueleza kwamba kuna kundi la marubani weusi, kwamba wanaandaa maonyesho ya ndege kwenye Uwanja wa Harlem, na kwamba gazeti linapaswa kuandika. Waters mwenyewe akaenda. Watu mamia kadhaa walihudhuria, na Willa akamchukua mhariri yule angani ili habari aiandike akiwa ameonja. Tangu siku hiyo gazeti na klabu vikawa ndugu. Naye Waters ndiye aliyewasukuma waone kwamba klabu ya mji mmoja haitoshi.

Mwaka 1939 walisajili chama cha nchi nzima, National Airmen's Association of America. Na kabla wino haujakauka walikuwa wamekwisha kutuma wajumbe.

Serikali ya Marekani, ikiona vita vinakuja Ulaya, ilikuwa inaandaa mpango wa kuwafundisha urubani raia, hasa wanafunzi wa vyuo, maelfu kwa maelfu kila mwaka kwa gharama ya umma. Swali lilikuwa moja: je, vijana weusi wataingizwa? Mei 1939 klabu iliwatuma Chauncey Spencer na Dale White waruke kutoka Chicago hadi Washington kulijibu kwa vitendo. Ndege ilikuwa ya kukodi, kuukuu, ya mabawa mawili mawili, viti wazi na isiyo na taa za usiku. Fedha za kuikodi walichangiwa na ndugu wawili weusi waliotajirika kwa bahati nasibu za mitaani.

Hawakufika mbali. Karibu na Sherwood, Ohio, krenki ya injini ilivunjika, nao wakalazimika kutua shambani kwa mkulima. Wakangoja spea, wakafunga, wakaendelea. Walipofika Morgantown, Virginia Magharibi, walielezwa kwamba hapo hakuna pa kulala kwa watu wa rangi yao, ingawa giza lilikuwa linaingia. Wakapaa tena kuelekea Pittsburgh na, kwa kukosa taa, wakafuata mkia wa ndege ya abiria hadi ikawafikisha uwanjani. Wakuu wa uwanja waliwazuia kwa kosa hilo, na ilibidi waombe radhi na kujieleza ndipo waruhusiwe kuendelea.

Washington walikutanishwa na seneta wa Missouri ambaye jina lake halikuwa bado kubwa, Harry Truman. Alitaka kuiona ndege. Akaizunguka na kuuliza maswali, akastaajabu kwamba kuna watu waliothubutu kuvuka majimbo yote hayo ndani yake. Aliahidi kusaidia.

Hapa ni lazima niwe mwangalifu, kwa sababu hadithi hii hupenda kusimuliwa kana kwamba seneta mmoja aliitazama ndege moja na sheria ikabadilika. Haikuwa hivyo. Magazeti ya watu weusi yalikuwa yamepiga kelele kwa miaka, na Mbunge Everett Dirksen wa Illinois alipeleka kipengele cha kuzuia ubaguzi katika mpango huo. Safari ya Spencer na White iliongeza sura kwenye hoja. Sheria ilitiwa saini Juni 1939 ikiwa na kipengele hicho.

Hivyo shule ambayo Bessie Coleman hakuifungua ikapata wanafunzi wanaolipiwa na serikali. Coffey na Willa Brown, ambao kwa muda walikuwa pia mume na mke, waliendesha Coffey School of Aeronautics pale Harlem, Coffey akisimamia mafunzo ya ndege, Willa akisimamia uongozi, hesabu na barua zisizokwisha za kwenda Washington. Shule ilipokea weusi na weupe, wanaume na wanawake. Vijana wengi waliotoka hapo walikwenda kuwa marubani na walimu wa kikosi kilichokuja kujulikana kama marubani wa Tuskegee.

Na hapa kuna uchungu ambao vitabu vingi vinaupita haraka. Jeshi lilipoamua mwaka 1941 kuunda kikosi cha anga cha watu weusi, lilichagua Tuskegee. Huko kulikuwa na hali ya hewa nzuri mwaka mzima na chuo chenye majengo. Kulikuwa pia, na hili ndilo lililowakera watu wa Chicago, utamaduni wa Kusini wa kutenganisha rangi, ambao jeshi lilitaka kuuendeleza. Chama cha Chicago kilipinga. Walitaka vijana wao waingie katika vikosi vya wote, kama walivyokuwa wakifundisha watu wa rangi zote katika banda lao, wakaona kikosi cha pembeni ni ubaguzi uliovalishwa sare. Hawakusikilizwa. Utukufu ukaenda Alabama, na dunia ikaijua Tuskegee. Marubani wale waliustahili, kwa damu yao Afrika Kaskazini na Italia. Lakini nasikitika kila ninapoona hadithi yao ikianza mwaka 1941, kana kwamba hakukuwa na visiki vya Robbins.

Ubaguzi wenyewe ulikuwa na mikono mingi. Mwaka 1943 Janet Bragg, muuguzi aliyenunua ndege ya kwanza, aliomba kujiunga na wanawake marubani wa jeshi, akakataliwa kwa rangi yake. Akaenda Tuskegee kutafuta leseni ya biashara, akafanya jaribio la kuruka, akalimudu, na mkaguzi akakataa kuitia saini. Alirudi Illinois, akarudia jaribio katika uwanja mwingine, akapewa leseni, na hutajwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kuwa nayo. Katika miaka ya baadaye nyumba yake Chicago ilikuwa kimbilio la wanafunzi kutoka Ethiopia waliokuja kusoma, kana kwamba njia aliyoifungua Robinson ilikuwa sasa inapitika pande zote mbili.

Willa Brown aliingia mwaka 1942 katika kikosi cha kujitolea cha anga cha raia, akawa ofisa mweusi wa kwanza humo, na mwaka 1946 akagombea nafasi ya kuingia Bunge la Marekani, akashindwa. Shule ilifungwa vita vilipokwisha. Coffey aliendelea kufundisha ufundi wa ndege katika shule za umma za Chicago kwa miaka mingi, akiwarithisha watoto wa mjini imani ile ile kwamba injini haina rangi. Uwanja wa Harlem ulifungwa katika miaka ya 1950, ardhi yake ikageuka maduka.

Willa alifariki mwaka 1992, Janet mwaka 1993, Coffey mwaka 1994. Maua yameendelea kudondoshwa juu ya makaburi ya Lincoln, yakiangushwa na marubani ambao wengi wao walizaliwa baada ya Robbins kusahaulika.

Coffey alipata heshima ya aina yake akiwa bado hai. Angani kuna vituo visivyoonekana, alama za kwenye ramani ambazo rubani huzifuata kama nahodha afuatavyo nyota, na kila kimoja lazima kiwe na jina la herufi tano. Mwaka 1980 wakuu wa anga wa Marekani walikipa kituo kimoja juu ya Ziwa Calumet, kwenye njia ya kuingilia uwanja wa Midway, jina lake. Kwa kuwa jina lake lina herufi sita, waliiondoa F moja. Kwenye ramani likasomeka COFEY, jina la kutamkwa redioni na marubani wanaoteremka kuelekea Chicago, usiku na mchana.